Taa ya Nyuma Niliyoifunga kwa Majani ya Mgomba

Mafuta ya taa yakimwagwa juu ya kutu hutoa harufu kali inayokaba koo, na harufu hiyo ilijaa uani kwetu Nyakasimbi Ijumaa moja ya msimu wa mvua, nilipokuwa darasa la nne. Baba alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu yake kuukuu, akizibembeleza skrubu mbili za taa. Tulipokuwa tukipakia ndizi kwa jirani mfugaji, ng'ombe wake mmoja mwenye mapembe marefu alikuwa ameigonga taa ya kushoto, kioo kikasambaa chini. Ile ya kulia ilikufa kabla gari halijafika kwetu. Sikuwahi kuiona ikiwaka. Baba alikuwa mtu wa kuvaa shati lisilo na vifungo bila kujali, lakini kwa gari hakuwa na mchezo. Alisema haliendi popote mpaka taa iwake. Mikungu ikabaki shambani na mama akanuna.

Skrubu ya juu ilitoka bila ubishi. Ya chini ilikuwa imeganda, akaimwagia mafuta ya taa, akasubiri, akajaribu tena, akaitukana kwa Kinyambo kisha akamwomba Mungu msamaha kwa Kiswahili. Ilipotoka akavuta taa iliyovunjika, akazungusha holda na kuchomoa glopu, waya zikabaki zinaning'inia. Mimi nilipewa msasa nisugue pale waya mweusi unaposhika bodi, kwa sababu, alisema, taa haiwaki juu ya kutu hata glopu ikiwa mpya. Nilisugua mpaka chuma kikang'aa na vidole vikauma. Kisha akaweka taa nyingine aliyoipata mjini Kayanga kwenye gari bovu, akakaza skrubu kwa zamu, kidogo juu, kidogo chini, ili plastiki isipasuke. Akaingia kwenye usukani na kukanyaga breki.

"Imewaka?"

"Imewaka, Taata! Nyekundu kabisa!"

Alishuka akaja kuitazama kana kwamba amejifungua yeye. Nilimpenda sana siku ile.

Jioni tukapakia ndizi, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kila mtoto wa kwetu angelifanya. Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikukaa wazi. Mayai, chumvi, mbegu za maharage, vyote tulivifunga kwa majani makavu ya mgomba na kuvikaza kwa kamba ya mgomba huohuo. Baba aliogopa mikungu isije ikavunja taa tena, akaniambia niifunike. Nikaifunga safu tatu, nikakaza fundo langu la kuzungusha mara mbili, ambalo mama alikuwa akinitania kwamba hata yeye hawezi kulifungua. "Asubuhi kabla hatujaondoka uifungue," baba akasema. "Hiyo kazi ni yako."

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nimeahidiwa kwenda Kayanga kununuliwa viatu vya shule, na kwa mara ya kwanza ningekaa kiti cha mbele. Nilipanda mapema nikajibana pale nisije nikaachwa. Injini ilikuwa imeshawaka, na taa zimewashwa kwa ajili ya ukungu, baba aliponiuliza kama nimeifungua ile ya nyuma. Nilikuwa nimesahau. Ningeweza kushuka, ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akililia kiti changu, na niliona nikishuka tu atakikalia.

"Nimefungua, Taata."

Juu ya kilima cha kuteremkia Bugene tulimpita jirani yetu Baba Koku, akiendesha baiskeli na mikungu miwili nyuma. Bintiye Koku nilikaa naye dawati moja. Baba Koku alimpungia baba mkono. Mbele kidogo, katikati ya mteremko, ng'ombe walijitokeza kwenye ukungu wakivuka barabara, baba akakanyaga breki. Tulisimama vizuri kabisa. Kisha nyuma pakasikika kishindo, wala hakikuwa kikubwa. Baiskeli yenye mzigo haisimami kirahisi kwenye mteremko, na Baba Koku hakuona chochote cha kumwonya.

Baba alishukia upande wake akakimbilia nyuma, mimi nikashukia upande wangu. Majani yalikuwa pale pale, yamelowa umande. Sikumtazama kwanza mtu aliyelala chini. Mungu anisamehe, nilianza kulihangaikia lile fundo. Liliponishinda nikayararua majani. Chini yake taa ilikuwa inawaka. Baba aliinua macho, kichwa cha Baba Koku kikiwa mapajani mwake, akaniona nimeshika majani mikononi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, niyatupe na niingie ndani ya gari.

Baba Koku alikata roho kabla hatujafika hospitali. Polisi walipouliza, baba alisema taa aliifunika mwenyewe na akasahau kuifungua. Akayasema hayo hayo tena kanisani, amesimama mbele ya usharika mzima, mjane akiwa benchi la kwanza na Koku kando yake. Alikaa mahabusu, akanyang'anywa leseni, pikapu ikauzwa, akarudi kwenye jembe. Wapo waliokataa kunywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka walipokufa wao. Kwangu hakutamka neno juu ya uongo wangu, si siku ile wala miaka yote iliyofuata. Nilingoja anipige. Baadaye nilingoja aniulize. Kuna wakati nilimchukia kwa ukimya ule, kwa sababu kiboko kingeisha.

Leo naishi Kayanga na nina gari langu. Glopu ikiungua, alama ya njano huwaka mbele ya usukani, na fundi hubadilisha taa nzima kabla sijamaliza kikombe cha chai. Barabara ile ya mteremko sasa ina lami. Mwaka jana tulimzika baba, na Koku alikuja, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Baada ya maziko alinishika mikono yote miwili.

"Nilimchukia baba yako nikiwa mtoto," aliniambia. "Lakini alisimama akasema ni yeye. Wangapi wangefanya vile? Nilishamsamehe zamani, na nilitaka wewe ulijue hilo."

Nikamwambia asante. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chakula, nikamsindikiza mpaka barabarani. Uongo wa kwanza niliusema nikiwa na miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi mtu humhurumia. Huu wa pili niliusema nina miaka arobaini na tatu, kwa kunyamaza tu, na baba hayupo tena wa kuubeba.