Chumba cha Mama Kilipopangishwa

Mwenye nyumba wetu pale Mudzipela, mtaa wa Bunia, alikuwa mtu wa benchi la mbele kanisani, na sikumheshimu hata siku moja.

Miaka ya sabini, nilipofika Bunia kufundisha shule ya msingi, vyumba vilikuwa vingi kuliko wapangaji. Alinifuata mwenyewe, akanibebea godoro, akamwita mke wangu dada. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, serikali ikaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu. Wanunuzi wakamiminika mjini, kila mmoja na mzani wake mdogo mfukoni, wakitafuta mahali pa kulala bila kubishana bei. Hapo udada ukaisha.

Alipandisha kodi, akaipandisha tena kabla hatujaizoea. Akakata sebule yetu kwa ukuta wa mbao, upande wa pili akaweka mnunuzi aliyekoroma kama lori. Akapaka chokaa banda la mbuzi, akalipangisha pia, na akaliita aneksi bila haya. Nilipolalamika, alinitazama kama anayetazama inzi.

"Weye mwalimu haujue? Watu iko mingi, nyumba iko kidogo. Kama huweze, toka."

Mama yake mzazi alikaa chumba cha mbele. Nyumba yote ilijengwa na marehemu mumewe. Mwanaye, mwenye nyumba wetu, hakuwa ameongeza hata tofali. Asubuhi moja mke wangu alimkuta yule mama jikoni, ameketi katikati ya masufuria, nguo zake ziko ndani ya gunia. Chumba chake kilikuwa kimeshapata mnunuzi, na garanti, yaani malipo ya mbele, ilikuwa imeshaliwa.

"Mama iko muzee," mtoto alitueleza, "hana lazima ya chumba kikubwa."

Mama hakulia. Tulimlaza kwetu. Alituma habari kwa binti yake kule Kpandroma, na siku lori la mboga lilipokuja kumchukua, alinigeukia mimi na majirani.

"Batoto, munitolee ule mulango. Baba yao aliuchonga na mikono yake. Siuache hapa."

Tukaung'oa. Mwanaye alitoka mbio na sabuni usoni, akapiga kelele kwamba tunaiba mali yake, kwamba mpangaji anaingia siku ileile. Mama alipanda mbele karibu na dereva bila kumwangalia. Sisi tuliulaza mlango juu ya magunia matupu, tukaufunga kwa kamba. Mnunuzi alipofika na sanduku lake la dhahabu, akaona shimo mahali pa mlango, alidai garanti yake papo hapo. Tulicheka mbele ya mwenye nyumba, waziwazi, na sijutii.

Lakini nisidanganye kwamba alipata adhabu. Alitundika bati mahali pa mlango, na kabla ya Jumapili mtu mwingine alikuwa amehamia, kwa bei ya juu zaidi. Siye tulifukuzwa kwa sababu ya kile kicheko. Tulizunguka mji mzima, na kila tulikobisha tulikuta mtu wa aina yake: tabasamu lilelile, aneksi ileile yenye harufu ya mbuzi. Tukaishia pembeni kabisa, barabara ya kwenda Irumu, chumba cha udongo kinachovuja.

Yeye, Jumapili ile, alisoma somo la kwanza kwa sauti nzuri.