Mkate Uliofunikwa kwa Kawa

Leo nimesingizia nzi, na mpaka sasa sina raha.

Nawaandikia ninyi Wayahudi wenzangu wa Mbale, maana mwingine hawezi kunielewa. Tangu serikali ipige marufuku dini yetu, hapa Arua naificha, najulikana kama fundi wa kuchora mabango tu.

Mama Zainabu, Mnubi wa Koboko, aliniagiza picha ya ukutani. Alitaka chakula mezani, basi.

Nikachora mishumaa miwili. Nikachora mkate wetu wa Sabato, nikaufunika kwa kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa, la rangi kama makawa anayosuka Mama Zainabu mwenyewe. Marehemu baba alisema mkate hufunikwa ili usione haya divai ikibarikiwa kwanza.

Nilijiona mjanja, kwa kweli.

Leo nimempelekea. Akaitazama muda mrefu.

"Fundi, kwa nini mkate iko imefunikwa?"

Nikasema, "Nzi, mama."

Jamani. Kumwambia hivyo mwanamke wa Kinubi, anayefagia ua mara tatu kwa siku.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nyumba yangu hakuna nzi," akasema polepole. "Sisi nafunika chakula ya mgeni juu ya heshima. Mimi nilifikiri wewe pia naheshimu hii mkate."

Alikuwa amenifungulia mlango, mwenyewe hajui.

Ninyi mngemjibu nini?

Mimi niliinamisha kichwa nikifunga brashi zangu, nikasema, "Hapana, mama. Ni nzi tu."