Posa ya Mtopanga na Swali la Kumjua Mungu

Safari hii ilinigharimu ushuru wa njia kwenda na kurudi, ratili mbili za sukari ya kadi ya mgao, na kiasi cha heshima yangu ambacho thamani yake bado twabishana nyumbani. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ni ile ile.

Kilichonitoa Likoni ni mpwa wangu Mbwana, mtoto wa marehemu dada yangu, afanyaye kazi ya reli Changamwe. Alimtaka Mwanahamisi, binti wa Maalim Athmani wa Mtopanga. Wachumba wawili kabla yake walikwisha kurudishwa, na Mbwana hali wala halali. Kwetu kijana hajipelekei posa. Hutumwa mshenga, naye hubeba maneno ya kila mtu. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nauza nazi na sijapata kukubali bei ya kwanza tangu kuzaliwa.

Asubuhi nikavuka kwa feri, nikakata kisiwa kwa miguu huku nikiipunguza mahari kimoyomoyo.

Saa tatu nikafika daraja la Nyali, lile lililalalo juu ya maji, yakipanda nalo lapanda. Nikamuuliza mtoza ushuru kama mshenga hulipa nusu, maana anakwenda kwa haja ya mwenziwe.

“Miguu ni ya nani?” akauliza.

Nikalipa.

Saa tano, Mtopanga. Maalim Athmani alikuwa ndio kwanza awaruhusu watoto wa chuo chake cha Kurani. Mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, asiyecheka hata pale inapompasa. Akanikaribisha ukumbini. Wanawake walikaa ndani, nyuma ya pazia, kama ada ilivyo: hawaonekani, na hakuna neno linalowapita. Kahawa ikaja, nami nikaitoa sukari yangu taratibu ili ionekane.

“Maalim, tuseme mahari,” nikaanza.

“Mahari ni ndogo, wala haina maneno. Ila kuna sharti. Mtu humjua Mungu kwa akili yake, au kwa kuijua nafsi yake?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa ng'ombe, kwa kanga na kwa fedha. Hili sikulitazamia. Nikafanya nijuavyo.

“Tufanye nusu kwa nusu, Maalim.”

“Bwana, hapa si sokoni.”

“Basi kwa akili. Nimepita juu ya daraja linaloelea. Halikujiunga lenyewe, lina mjenzi. Na dunia ni hivyo hivyo.”

“Vyema. Mjenzi huyo ukikutana naye sokoni, utamtambua?”

“Labda anidai ushuru.”

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Maalim akanywa kahawa yake.

“Akili imekuonyesha kwamba nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe hujamjua. Jaribu njia ya pili. Jieleze, wewe ni mtu gani?”

Hapo nikajinyoosha. “Mimi, wallahi, ni mtu wa subira. Wallahi ni mkarimu. Na wallahi sijapata kumdhulumu mnunuzi.”

“Mara tatu,” sauti ya kikongwe ikatoka ndani. “Sauti hiyo naijua. Ndiye wa nazi, kule sokoni mjini. Akiapa mara moja, nazi ni nzima. Akiapa mara tatu, irudishe, imeoza.”

Alikuwa Bi Rukia, mama yake Maalim. Pazia lote likaangua kicheko. Nami, kwa miaka yote niliyouza, sikujua kwamba naapa kwa hesabu.

“Basi bibi anijua kuliko nijijuavyo,” nikasema. “Nami simjui yeye. Huenda na kwa Mungu ni hivyo, Maalim. Sisi twauliza tutamjuaje, na kumbe aliyekwisha kutujua ni Yeye.”

Maalim akavua miwani. “Hilo sikukuuliza.”

“Lakini ni bei nzuri.”

“Ni nzuri. Ila si mimi wa kuipokea. Swali ni la Mwanahamisi. Atakayelala na kuamka na jawabu ni yeye. Mbwana aje mwenyewe Ijumaa, aketi hapo ulipo, ajibu kwa kinywa chake.”

“Maalim, mshenga husemea wote.”

“Kwa mahari, ndiyo,” ikajibu sauti changa nyuma ya pazia, kwa upole, na mazungumzo yakaisha.

Alasiri nikarudi. Mbwana alinisubiri ng'ambo ya feri, macho mekundu.

“Wamekubali, mjomba?”

“Hawajakataa.”

“Wataka nini?”

“Wakutaka wewe.” Nikamweleza yote. Tukafika nyumbani.

“Nipe la kusema,” akaninong'oneza mlangoni. “Nitalikariri.”

Ningeweza kumpa. Ninayo majibu matatu mazuri, na lolote kati ya hayo lingempatia yule binti. Nilichojifunza Mtopanga ni kwamba nikimpa, Mwanahamisi ataishi na mume anayejibu kwa mdomo wa mjombawe, naye ataligundua kabla ya mwezi wa mfungo kuingia. Lakini nikimnyima, huenda akaketi pale ukumbini akatokwa na jasho tu, na nimpoteze mtoto wa dada yangu kwa huzuni. Ijumaa ni kesho kutwa. Nyinyi mnaosoma, mliowahi kulea kijana: nimpe, au nimwache aende na mikono mitupu?