Kiganja cha Mama Matairi

Mama Matairi, kama wateja wanavyomwita, hamwulizi mtu anaendeshaje gari. Huliuliza tairi lake kuukuu. Hulilaza mapajani kama mtoto anayeogeshwa, akafumba macho, halafu kiganja chake kipana, cheusi kwa mpira, hulipapasa taratibu kwenda, kisha kurudi, huku akiguna "mh" za kila namna. Mke wa mwenye kigari chekundu hakuwa amewahi kuona mkono unaosikiliza. Alikuja roho juu, apinge. Mumewe alitaka matairi ya kasi, yale laini yanayong'ang'ania lami ya moto, na duka zima lilishajua sababu: "Mimi kona sipunguzi, mama. Naikata hivyo hivyo!"

Mama Matairi aliguna mara moja tu. Akauvuta mkono wa mke, akauweka kwenye ukingo wa tairi kuukuu la mumewe. Vidole vikakuta vinyweleo vya mpira, vile tairi linavyozaliwa navyo kiwandani, bado vimesimama. "Kwa mkata kona, hivi huisha wiki ya kwanza," akamnong'oneza. "Mwache ayachukue, mwanangu. Yanakamata breki vizuri, hata kwenye mvua." Mke akaduwaa. Miaka yote hiyo ya kumwombea dua!

Mume akasogea kifua mbele. "Vipi, mama, umeuona moto wangu?"

Mama Matairi akavinyofoa vile vinyweleo kwa kucha, kimya kimya, akavipuliza vikapotea.

"Nimeuona, baba," akasema. "Punguza basi, una familia."