Diski ya Saba

Kosgei alikuwa mtu wa kushuku hata kabla ya kupewa sababu. Ukimsalimu kwa uchangamfu kuliko jana, alijiuliza unataka nini. Ukimsalimu kwa ubaridi, alijiuliza umeambiwa nini. Kwa hiyo Novemba ya mwaka 2007, tajiri wake Ranjan alipomleta msichana mgeni hadi mlangoni mwa chumba cha seva na kusema, "Kosgei, huyu ni Wariara, mtasaidiana kuandika vile mitambo imepangwa," Kosgei alitabasamu kwa meno tu. Moyoni machale yalikuwa yamekwisha kumcheza.

Kampuni ya Ranjan, hapo Nakuru mjini, iliuza dawa za mifugo na kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali wazuri. Wafugaji wa Dundori, Kabazi na Kuresoi waliitegemea kwa jambo moja zaidi: ilitunza kumbukumbu za kila ng'ombe, namba ya hereni yake ya sikio, mwenyewe ni nani, alizaliwa na nani, alipandwa na fahali yupi. Kumbukumbu hizo zilikaa kwenye kompyuta, na kompyuta zote zilikuwa mikononi mwa Kosgei.

Mpangilio wenyewe haukuwa mgumu kueleza. Chumbani mlikuwa na seva mbili kubwa, na ndani yake ziliishi kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta zisizo na kiwiliwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Kulikuwa na ya barua pepe, ya stoo, na ya ng'ombe. Diski zao hazikuwa ndani ya seva. Zilikuwa kwenye kabati la chuma pembeni, na seva zilizifikia kwa waya za mtandao. Diski ipi ilipewa kompyuta pepe ipi? Hilo lilijulikana na kabati na Kosgei, na kabati halisemi.

Sasa Ranjan alitaka yote hayo yawekwe kwenye karatasi. Kosgei alizijua hadithi za namna hii. Unaombwa uandike kila kitu, unaandika, unashukuriwa sana, halafu unaambiwa kampuni inapunguza watu. Karatasi inabaki, wewe unakwenda.

Basi akaanza kukusanya ushahidi. Wariara alipewa ufunguo wake mwenyewe wa chumba cha seva. Ranjan na Wariara walikuwa wakizungumza ofisini, Kosgei akaingia, wakanyamaza. Wariara alimletea mandazi ya nyumbani kwao, na Kosgei, ambaye hakula rushwa wala mandazi ya mtu anayemfukuzisha kazi, alimpa askari wa mlangoni. Askari alinenepa mwezi huo. Tena ulikuwa msimu wa uchaguzi, na mjini watu walikuwa wameanza kusikiliza jina la mtu, wajue kabila lake, kabla ya kusikiliza maneno yake.

"Kosgei, na hii disk ya saba ni ya nani?" Wariara aliuliza siku moja, kalamu mkononi. "Kwa screen naona haina mwenyewe."

Ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya ng'ombe. Kosgei aliiunganisha moja kwa moja na kompyuta pepe yao kwa njia yake mwenyewe, kwa hiyo skrini ya kusimamia haikuweza kuiona kama inatumika. Alifungua mdomo kumweleza, kisha akaufunga. Akamtazama yule binti, viatu vyake vipya, mwandiko wake wa kupendeza, na roho ikamwambia: hapa ndipo pa kushikia.

"Hiyo ni spare," akasema. "Haina kitu."

"Sasa ng'ombe wako wapi?"

"Disk ya nne. Wanakaa na email."

"Lakini nne ni ndogo."

"Ng'ombe ni maandishi tu, madam. Hawali nyasi huko ndani."

Wariara alicheka, akaandika. Diski ya saba: ya akiba, tupu. Kosgei akatia sahihi chini yake na akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu binti yule afike. Wakinifukuza, alijiambia, siku kompyuta ya ng'ombe itakapokwama watanitafuta, tena watanitafuta wakiwa wapole.

Kabla ya Krismasi aliizima kompyuta ya ng'ombe ili mtu asije akaichezea, akapanda kwenda kwao Kuresoi kula sikukuu na kupiga kura. Matokeo yalipotangazwa, nchi ikapasuka. Barabara ya kushuka Molo ilifungwa kwa magogo na mawe. Nyumba za majirani ziliteketea, ikiwemo ya Waithera, mama yake Ngigi, ambaye shamba lake lilipakana na la kina Kosgei tangu Kosgei na Ngigi wakiwa watoto. Kosgei na mkewe Chepkorir walimpitisha shambani kwao, kati ya viazi, hadi kanisani, akiwa na wajukuu na sufuria moja. Walimwona na ng'ombe wake, Nyange, akiswagwa pamoja na wengine na watu wasiowajua.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Kosgei. "Pole na huko. Dawa za kambi za waliohamishwa zimekuja nyingi, disk ya stoo imejaa. Naona ya saba ni tupu, nataka kuifuta nipatie stoo. Kama kuna shida niambie. Wariara."

Mtu mwingine angeruka. Kosgei alikaa chini akafikiri. Ananipima, aliwaza. Ameshagundua, anataka nikiri kwa maandishi ili ampelekee Ranjan. Kwa nini aseme "kama kuna shida"? Aliusoma ujumbe ule mpaka maneno yakaanza kumcheka. Simu yake ilibaki na kredo ya senti chache, salio lisilotosha hata ujumbe mmoja, na madukani hapakuwa na kadi hata moja, lakini shemeji yake alikuwa na kredo kidogo. Kosgei hakumwomba. Asubuhi nzima alizunguka zizi tupu akibishana na msichana ambaye hakuwepo.

Mchana woga ulishinda shaka. Vipi kama kweli anafuta? Akashika simu akampigia Wariara flashi, ikaita mara moja akakata, ili binti aone namba yake na ampigie yeye.

Simu ikalia kidogo. Ulikuwa ujumbe tena. "Asante. Naendelea."

Hapo ndipo Kosgei alipokumbuka. Ofisini kwao flashi moja haikuwa kuomba kupigiwa. Flashi moja ilimaanisha sawa, nimepata, endelea. Utaratibu ule waliutumia madereva wote, mafundi wote, ili kuokoa kredo. Na aliyeuanzisha, akaubandika hata ukutani, ni yeye Kosgei.

Alikimbia kwa shemeji yake. Kufikia wakati mtandao ulipokubali, kazi ilikuwa imekwisha.

Barabara zilipofunguka alishuka Nakuru akiwa na maneno ya kujitetea tayari mdomoni. Ranjan hakumfokea. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akauliza kama watoto ni wazima, na Kosgei akashuku hata huko kushikwa mkono. Kisha akaingia chumba cha seva. Kompyuta ya ng'ombe ilikataa kuwaka, na mkanda wa mwisho wa akiba, uliotunza nakala ya kumbukumbu zote, ulikuwa wa kabla ya mvua za masika. Dundori walikuwemo. Kabazi walikuwemo. Kuresoi ilisajiliwa baada ya mvua, na Kosgei mwenyewe ndiye aliyekwenda na laptopu boma hadi boma, akijivunia watu wa kwao.

Wariara alisimama mlangoni na ile karatasi. "Uliniambia ni tupu," alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Na nikakuuliza tena."

"Wewe na boss mlikuwa mnanitoa," Kosgei alisema. "Ulitaka nikupatie kazi yangu na sahani?"

"Kukutoa?" Wariara alimkodolea macho. "Kosgei, boss alisema hivi: uchaguzi ukienda vibaya, Kosgei atakuwa huko juu, na najua nikimwita atakuja hata kama barabara ni hatari. Andika kila kitu, ndio nisiwe na sababu ya kumwita. Akakataa nikwambie, alisema utakasirika."

Kosgei alitafuta uongo katika maneno yale. Alitafuta kwa bidii. Hakuupata, na aliona haya kama hajawahi kuona.

Wiki iliyofuata Waithera alikuja dukani kutoka kambi ya uwanja wa maonyesho. Ng'ombe wengine wa wizi walikuwa wamekamatwa na kufungiwa kituo cha polisi, na Nyange alikuwa miongoni mwao. Alichohitaji ni karatasi tu, ya kuonyesha namba ya hereni na jina lake.

"Twende, Mama Ngigi," Kosgei alisema. "Mimi ndiye nilimtia hiyo hereni. Nitasema."

Waliposimama kwenye ua wa kituo, Waithera aliita jina, na ng'ombe mweupe akaja mbio hadi kwenye waya akamlamba mkono.

"Mathe, ng'ombe wote huja wakiitwa," askari alisema, si kwa ubaya. "Watu watatu wamemdai huyu. Leteni rekodi ya kampuni. Bila hiyo sitoi."

"Rekodi ilikuwepo," Kosgei alisema. "Niliificha mimi. Nilitia sahihi kwamba hakuna kitu pale, wakaifuta."

Askari alitikisa kichwa, akageukia waliofuata. Waithera hakuutoa mkono wake kwenye waya. Alimtazama jirani yake, mtu aliyemvusha yeye na wajukuu wake kati ya viazi, kama anayejaribu kulikumbuka jina lake.

"Kosgei," aliuliza, "kwani hiyo rekodi ulikuwa unanificha mimi?"