Sura ya Pili na Wasifu wa Marehemu

Kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu wengine. Nina kompyuta mbili na printa moja katika chumba kidogo mjini Kisii, juu ya duka la mbegu. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu, ule unaosomwa siku ya mazishi. Kwa miaka mingi nilichapa bila kusoma. Vidole vilikuwa kazini, akili ilikuwa nyumbani ikipika.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Nyamira, aliyekuwa akisomea shahada ya pili wakati wa likizo. Kompyuta yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo sura ya pili ya tasnifu yake alikuwa ameiandika kwa mkono. Ilihusu nadharia za uhakiki wa fasihi. Nilikwama ukurasa wa kwanza tu. Umuundo. Udenguzi. Mwitiko wa msomaji. Kompyuta ilichora mistari myekundu chini ya kila neno, na siku hiyo nilikubaliana nayo.

"Mwalimu," nilimuuliza alipopita Ijumaa, akiwa na haraka ya kufika kwake kabla Sabato haijaingia, "huu umuundo ni mambo ya ujenzi?"

Alicheka, lakini akavuta kiti akaketi. "Wewe huchapa wasifu wa marehemu, sivyo? Chukua kama kumi. Sahau ni nani amekufa. Tafuta kile kisichobadilika; huo ndio muundo."

Nilidhani ananitania. Jumatatu alasiri mvua ilipofukuza wateja, nikafungua zile za zamani nilizokuwa nimehifadhi, nikaanza kuzisoma moja baada ya nyingine. Kila mtu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akapata jamaa, akaugua, akalala katika Bwana. Hakuna aliyewahi kugombana na jirani. Ungebadilisha jina na kijiji tu, wasifu wa huyu ungemfaa yule. Hata hivyo kuna kitu kilinisumbua, na ilinichukua muda kukiona. Wanaume walijenga, walinunua, walianzisha. Wanawake waliolewa, walijaliwa watoto, waliachwa wajane. Ilikuwa ile kauli ya kutendwa tuliyofundishwa shuleni, ukurasa baada ya ukurasa.

Nilimpigia mwalimu simu siku hiyo hiyo.

"Basi umeingia kwenye ufeministi bila hata kubisha hodi," alisema. Nilisikia anafurahi. "Sasa uliza pia ni nini hakikuandikwa. Wakati mwingine maandishi yanajipinga yenyewe, na hapo ndipo udenguzi unapoanzia."

Wiki chache baadaye walikuja ndugu wawili kutoka Tabaka, kaka na dada yake mdogo. Mama yao alikuwa amefariki. Walitaka wasifu wake uwe kwa Kiswahili kwa sababu dada alikuwa ameolewa upande wa ziwani, na wakwe wasingeelewa Ekegusii. Kaka alinipa karatasi. Nikaanza kuchapa, nikafika mahali palipoandikwa: "Marehemu hakuwahi kufanya kazi. Alikuwa mke wa mchongaji hodari wa mawe." Baada ya hapo zilifuata aya mbili ndefu kuhusu uchongaji wa baba, ambaye yuko hai hadi leo.

Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: "Hata alipougua, mikono yake ilibaki migumu kwa msasa."

Nikasimamisha vidole. "Samahani. Kama hakufanya kazi, huu msasa ulitoka wapi?"

Kaka alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mlango. "Dada, wewe chapa tu," aliniambia.

"Nitachapa. Nimeuliza tu."

Nilijuta. Watu wamefiwa, nami naleta mambo ya sura ya pili. Lakini yule dada akaanza kuongea, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Alisema mama yao ndiye aliyekuwa akisugua kila kinyago ndani ya beseni la maji, tangu asubuhi, mpaka jiwe linang'aa. Baba akimaliza kuchonga, kitu kilikuwa bado kina makovu ya patasi. Hakuna mfanyabiashara angekinunua vile.

"Hiyo ni kusaidia," kaka alisema.

"Miaka thelathini?"

Kaka alitoka nje kupokea simu, na nadhani hakuna aliyekuwa amempigia. Aliporudi alisema, "Andikeni mnavyotaka, lakini iwe fupi." Tukaandika: "Alisugua na kung'arisha vinyago vilivyotoka katika nyumba hii." Nilihakikisha kitenzi ni cha kutenda.

Nilidhani habari imeishia hapo. Baada ya mazishi yule dada alirudi peke yake, akaniambia yaliyotokea. Sentensi ile iliposomwa, shangazi mmoja alisimama katikati ya watu akamkatiza msomaji. Alisema si kusugua tu. Marehemu ndiye aliyekuwa akichora kwa makaa juu ya jiwe, kuonyesha mahali pa kukata. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akakataa, mwingine akasema naye alimwona akichora. Kaka akainama. Mwishowe wote wakamgeukia baba.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Akasema, 'Wale twiga wa mawe wenye shingo iliyopinda walikuwa wake. Mimi singeweza kuwaza hivyo.' Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia."

Jioni hiyo nilimpigia mwalimu nikamsimulia kila kitu. Akasema shangazi yule ndiye mwitiko wa msomaji uliosimama kwa miguu yake, kwa sababu maana haikuwa imekwisha pale tulipoweka nukta. Waliosikiliza ndio walioiendeleza. Nikamwuliza, basi maana ni ya nani? Yetu, ya shangazi, au ya yule mama? Akasema wasomi bado wanabishana juu ya hilo.

Na mchana ule yule dada hakuwa amekuja kunipa habari tu. Alitaka wasifu uandikwe upya, wa kuwekwa nyumbani, ukiwa na maneno ya shangazi, ya baba, hata ya yule mzee aliyekataa. Nilifungua ukurasa mweupe nikamwambia aanze popote.