Kungoja Injini Ipate Moto

Pikapu yetu ilikuwa ya dizeli, kuukuu, na ubavuni ilikuwa imeandikwa TURBO kwa herufi kubwa. Hilo ndilo neno la kwanza nililosoma peke yangu, bila mwalimu kunisaidia, wakati nilikuwa naenda ngumbaru jioni, shule ya watu wazima. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu turbo ni nini. Akacheka, akaniambia ni kitu ya chuma imejikunja kama konokono, imeshikana na injini. Moshi ya gari ikitoka inaizungusha, nayo inasukuma hewa ndani, ndio gari inapata nguvu ya mlima.

"Lakini inazunguka mbio kuliko kitu yote kwa hii gari," akasema. "Ikikosa oil kidogo tu, imekufa."

Sisi tulikuwa tunakaa Njoro, nyumba ya kukodi. Yeye alikuwa anabeba maziwa na viazi kutoka kule juu upande wa Mau, na huko ndiko mama yake alikuwa na shamba. Njoro asubuhi ni baridi, na usiku oil inashuka inalala chini ya injini, nzito kama samli. Kwa hivyo alikuwa anaamka, anawasha gari, halafu haendi. Anaiacha ingurume polepole. Hata akitoka, anaendesha kama amebeba mayai mpaka mshale ya moto ipande. Mlima baadaye.

Mimi niliona hizo dakika zinapotea bure, nikasema basi tuwe tunaomba. Ikawa hivyo. Gari inanguruma hapo nje, sisi na watoto tumesimama kando yake na masweta, kila mtu mkono kwa boneti, tunaomba. Mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa anakaa na sisi, alikuwa anatutazama kutoka dirishani na kikombe ya chai.

"Shemeji, hii gari imeokoka kuliko mimi!" alikuwa anapiga kelele.

"Na wewe kuja tukuwekee mkono."

"Mimi sina turbo. Niombee nikiwa nimelala."

Alikuwa kijana mzuri, haraka tu ndiyo ilikuwa mingi. Kazi yake ilikuwa kupakia mikebe ya maziwa, na alimpenda mama yake sana. Yeye ndiye alikuwa kitinda mimba.

Kura ikapigwa mwisho wa mwaka, halafu Januari kila mtu anajua venye ilikuwa, watu wakifukuzana na kuchomeana nyumba. Kutoka kwetu tulikuwa tunaona moshi kule juu, leo mlima huu, kesho ule mwingine. Mume wangu alipanda kuchukua mama yake. Mama alikataa kutoka. Ng'ombe yake ilikuwa karibu kuzaa, akasema haachi mnyama kwa hali hiyo, wabebe majirani kwanza, yeye atakuja na safari ingine. Mume wangu alimbembeleza mpaka majirani wakaanza kumfokea kutoka nyuma ya gari, "Boss, utatumaliza hapa!" Akashuka nao. Njiani wakarushiwa mawe, moja ikapita kwa kioo ikampasua mkono wa kulia. Aliendesha hivyo hivyo, damu ikimtiririka, gari amekanyaga mpaka mwisho, hadi akawafikisha kanisani, mahali watu walikuwa wamekimbilia. Alishonwa. Daktari akamwambia huo mkono usishike kitu.

Asubuhi iliyofuata simu ya mama ikapiga. Mimi ndiye nilishika. Alikuwa anaongea chini chini.

"Mwambie bwana yako aje. Wako kwa nyumba ya jirani. Niko hapa nyuma kwa miti."

Halafu ikakatika. Shemeji alikuwa amesikia. Alichukua ufunguo pale kwa msumari kabla sijamaliza kusema. Nilimfuata nje. Umande ulikuwa bado mweupe kwa kioo, ile sehemu haikuvunjika, na pikapu ilikuwa imelala nje kwa baridi usiku wote. Alipoiwasha tu, akaipigisha kelele, ikatoa moshi.

"Shemeji, ngoja kidogo ipate moto."

"Mama yangu ako kwa miti anawindwa, unaniambia ningoje gari?"

Niliweka mkono kwa boneti, ilikuwa baridi kama jiwe, nikasema, "Yesu nenda na yeye," na akatoka na gari mkono wangu bado uko hapo. Mume wangu alikuwa amefika mlangoni na bendeji yake.

"Usiikanyage!" alipiga kelele. "Ipeleke pole mpaka ukianza kupanda! Unasikia?"

Hakusikia. Sisi ndio tulimsikia, akipita shule, akipita kona, akibadilisha gia, gari ikilia juu kwa juu. Mume wangu alisimama pale akisikiza mpaka sauti ikaisha. Aliingia ndani akakaa chini.

Nilipika uji, watu wakakataa. Niliomba nimepiga magoti kando ya kitanda, nikaomba tena nikiosha vyombo. Nilimpigia mama, simu ilikuwa imezimwa.

Shemeji alirudi saa za jioni kwa miguu. Uso wote ulikuwa mweusi na oil, na alikuwa peke yake. Alikaa kwa ngazi ya mlango. Alisema kwa mlima alisikia kitu inapiga filimbi, halafu ikakatika, pwa! Nguvu ikaisha. Halafu injini yenyewe ikaanza kukimbia bila yeye kukanyaga. Ikapiga mayowe, moshi nyeupe ikajaa barabara yote. Akazima ufunguo. Ikaendelea.

"Nilishika ufunguo mkononi, gari inanguruma," akasema. "Ufunguo ni huu. Imekataa kuzimika."

Mume wangu alijua. "Ilikuwa inakunywa oil yake yenyewe, ile ilikuwa inavuja kwa turbo."

Iliinywa mpaka ikaisha, ikajifunga, ikanyamaza. Alijaribu kupanda kwa miguu, akakutana na vijana wameziba barabara, wakamkimbiza kwa shamba ya ngano. Tulitafuta gari ingine. Kila mwenye gari tuliyemwendea alikuwa anaangalia chini. Sikuwalaumu.

Mama alilala huko nje. Alilala tena. Baridi ya Januari kule juu si ya mzee wa umri wake. Halafu lori ya polisi ikashusha watu Njoro, na yeye alikuwa ndani yake, amefunikwa na gunia. Alikuwa anatutambua. Aliniuliza kama kuna mtu amekamua ng'ombe. Kifua ilikuwa inalia kama mlango. Tulimpeleka hospitali kubwa Nakuru, na huko kila kitanda kilikuwa na wawili.

Akiwa bado amelazwa, pikapu ilivutwa ikaletwa kwa fundi. Alifungua ile konokono, akatoa shafti yake, ile chuma inazunguka ndani, imekatika. Shemeji akaiangalia, akatoka nje. Hapo ndipo fundi alisema, "Lakini hii inaonekana ilikuwa imeanza kuchoka kitambo. Na mnasema hiyo siku ya mawe pia ilikimbizwa. Pengine ingekufa tu, hata angeipasha moto." Nilimwendea shemeji nikamwambia hayo maneno jinsi yalivyo. Akaniangalia.

"Unanipoza tu, shemeji."

Mama alitutoka kabla ya mwezi kuisha. Shamba yake hatungefika, nyumba ilikuwa imechomwa, kwa hivyo alizikwa kwa makaburi ya mji, kati ya watu hatuwajui. Yeye alikuwa amejichagulia mahali zamani, chini ya ukuta wa jikoni yake. Mvua ndogo ilinyesha. Tulipomaliza kuimba, shemeji alibaki amesimama mbali kidogo, mikono mfukoni, kama mgeni kwa matanga ya wengine.

"Bro," akasema, "sema tu ni mimi. Sema mbele ya watu."

Mume wangu alikuwa ameshika koleo na mkono wa kushoto, ule mwingine bado umefungwa. Alitembea mpaka kwake akampatia.

"Mimi siwezi na huu mkono," akasema. "Mfunike wewe. Wewe ndiye mama alikubeba mwisho."

Alimfunika peke yake. Wanaume walitaka kumsaidia, mume wangu akawakataza. Ilichukua muda mrefu na hakuna mtu aliondoka. Alipomaliza alipigapiga udongo na mikono mpaka ukalala sawa, kisha akarudi akatembea na sisi hadi barabarani, nyuma ya wote, na nilipogeuka kumngoja alinionyesha kwa mkono niendelee.